Dakika Moja ya Kimya kwa Mwalimu Kabwe

Shule yetu ya sekondari, hapa pembeni ya mji wa wavuvi wa Kashikishi, ilipowaalika wanafunzi wa zamani, niliombwa niandike kumbukumbu za shule na kuzisoma mbele ya watu. Niliandika kwa furaha: madirisha yasiyo na vioo, harufu ya samaki ikiingia darasani, na Mwalimu Kabwe aliyetufundisha hesabu huku akiimba.

Nilitaka kumhoji. Sokoni nikamuuliza Mama Ilunga, muuza dagaa, jirani yake wa zamani.

"Ba Mwalimu? Alishatuacha, mutoto wangu," akasema, akitikisa kichwa.

Nililia palepale. Sikuuliza swali la pili, mimi ninayejiita mwandishi.

Siku ilipofika nilisoma mbele ya ukumbi uliojaa. Nilieleza jinsi alivyonifuata ufukoni nilipoacha shule nikaushe samaki, akanirudisha darasani bila kunigombeza. Kisha nikaomba tusimame, tumkumbuke marehemu kwa dakika moja ya kimya.

Nilikuwa wa kwanza kufumbua macho. Mlangoni alisimama mzee aliyechelewa, kofia kifuani, kichwa amekiinamisha kuliko wote. Nilimtambua. Kumbe alikuwa amehamia tu kijiji cha Puta, kuvua samaki.

Akamwinamia mama aliyekuwa karibu naye. Ukumbi mzima ulisikia.

"Nani alikufa?"

"Mwalimu Kabwe, ba tata," mama akamjibu kwa heshima, macho bado ameyafumba.

Mzee akavaa kofia yake taratibu, akanitazama kama zamani nilipokosea hesabu ubaoni.