Msitoke Hata Mama Akiita

Siku hizi pikipiki ikiingia Isansa watoto huikimbilia. Nimeliona hilo juzi kwa macho yangu, nikiwa nimepakiwa kwenye bodaboda na kilo mbili za sukari mapajani. Watoto sita au saba, miguu mitupu, wanakuja nyuma yetu vumbini wakidai lifti, na mmoja akaning'inia kwenye koti langu mpaka dereva akamfokea. Ningepaswa kucheka. Badala yake niliona wivu, rafiki yangu, wivu wa mtu mzima mwenye mvi, na nikajisikia nimechoka kana kwamba nilitoka Tunduma kwa miguu. Sisi hatukukimbilia chombo chenye injini. Sisi tulikikimbia.

Nilikuwa nakwenda kwa mdogo wangu wa kike, ambaye bado anakaa katika nyumba ya bibi yetu na kushona nguo za watu. Yeye hasikii. Hajasikia chochote tangu alipokuwa na miaka sita, na mimi nilikuwapo siku ambayo angeweza kuwahishwa hospitali asiwahishwe. Nilikuwapo, na mimi ndiye niliyemzuia. Kwa miaka thelathini sikuwahi kumwambia hilo. Nilimpelekea sukari, vitenge vya Zambia, sindano za cherehani, kila kitu isipokuwa hilo. Safari hii nilikuwa nimeamua kumwambia.

Lakini nisipokueleza kwanza jinsi tulivyolelewa kwa kutishwa utaniona mtu mbaya kuliko nilivyo. Wewe nawe ulitishwa, usijifanye. Sisi tuliambiwa ukikalia kinu mama yako atakufa. Ukinyooshea kidole maboga machanga yatadondoka yote, na ukinyooshea kaburi, kidole ndicho kitakachodondoka. Kule kwetu Mbozi liko jiwe kubwa la chuma lililoanguka kutoka mbinguni zamani, na watu husafiri kuja kulitazama. Bibi alituhakikishia kwamba lilipotoka yapo mengine, yanasubiri mtoto anayekula maharage kabla hayajaiva. Nilikula maharage mabichi mara moja, kisha nikashinda siku nzima nimebeba ungo kichwani. Bibi aliniona, akaniuliza "mume wangu" nimepatwa na nini, nikasema nacheza. Akarudi kwenye kazi zake. Nadhani alicheka akiwa jikoni.

Hayo yalikuwa ya kuchezea. La magari halikuwa la kuchezea. Bibi alipolisema hilo uso wake ulibadilika, na aliacha Kiswahili akasema kwa Kinyiha, lugha aliyoitumia kwa mambo ya kweli. Gari hupakia mtu, alisema, halirudishi mtu. Mkisikia gari, tupeni mlichoshika, mwingie kwenye kahawa, mlale chini ya mashina mpaka lipite. Na kisha akaongeza lile ambalo hata leo, mtu mzima ninayeshinda mpakani Tunduma katikati ya malori, linanisimamisha nywele. Akasema, msitoke hata mama yenu akiwaita. Wenye magari huanza na mama. Wakishampata, humfanya aite.

Huenda ungeuliza maswali. Mimi nilikuwa na miaka tisa, sikuuliza.

Tena magari yenyewe yalikuwa machache. Zamani lilikuja lori la chama cha ushirika tu, mara chache kwa msimu, na liliishia kwenye ghala. Kisha wakaanza kuja wanunuzi binafsi na pikapu zao, wanapita hadi kwenye vijia vya mashamba wakitafuta kahawa mlangoni kwa mtu. Wakubwa walifurahi. Sisi tulikuwa hatuna raha. Msimu mzima ule wa kuchuma nakumbuka masikio yangu yalivyokuwa yamesimama. Ndoo shingoni, vidole vinanata utamu wa kahawa mbivu, mwili unachuma lakini masikio yako barabarani. Nilijua mlio wa mashine ya bibi ya kumenyea kahawa, jinsi gurudumu lilivyokoroma likizungushwa kwa mkono, na nilijua mlio wa mashine ya kusaga mahindi ya jirani. Nilijua hata upepo kwenye migomba. Chochote kisichokuwa hivyo, mimi na mdogo wangu tulikuwa chini.

Tulikuwa hodari wa kujificha. Nilijivunia jambo hilo, hebu fikiria. Mdogo wangu alikuwa msemaji, mtoto wa maswali, aliimba hata akiwa chooni. Nikamfundisha kukaa kimya kwa kumziba mdomo kwa kiganja, mpaka akazoea kujiziba mwenyewe. Palikuwa na shimo nyuma ya nyumba tulikotupa maganda ya kahawa yaoze kuwa mbolea, na kando yake kulilundikwa majani makavu ya migomba. Ukiingia chini ya majani yale hakuna binadamu angekuona. Palinuka maganda yaliyochacha, harufu kali inayopanda puani na kukaa huko. Mahali petu pa kuokokea palikuwa hapo.

Mdogo wangu alianza kuumwa katikati ya msimu. Siku ya kwanza mama alisema ni malaria. Siku ya pili shingo ilikakamaa, akawa hawezi kuinamisha kichwa, na mwanga wa mlangoni ulimliza. Baba alikuwa kazini Tunduma. Bibi alikuwa ameondoka alfajiri kwenda mtoni kuosha kahawa, kwa kuwa kahawa iliyokwisha kuchacha haingoji mgonjwa. Mama alimlaza mdogo wangu kwenye mkeka, akaniambia nisiondoke pale, nimpe uji wa ulezi akiutaka, akaenda mbio shuleni kumwomba mwalimu msaada wa kumfikisha hospitali.

Nilikaa naye. Alikuwa wa moto kama chungu. Hakuutaka uji. Aliniuliza kama mama amekwenda mbali, nikamwambia atarudi sasa hivi.

Nikasikia gari.

Halikupita. Liliacha barabara, likaja kwenye kijia chetu, na matawi ya kahawa yakawa yanakwaruza ubavu wake. Sikufikiri. Nilimnyanyua mdogo wangu, naye alilia kwa sababu ya shingo, nikambeba hadi kwenye lundo la majani, tukaingia. Gari likasimama uani, dereva akapiga honi. Kisha nikasikia sauti ya mama. Aliniita jina langu. Aliita mara ya kwanza kwa kawaida, mara ya pili kwa nguvu, kisha akawa anaita anavyoita mtu aliyefiwa. Mwalimu naye aliita. Na kila mama alipoita nilizidi kushuka chini ya majani, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kinatokea kama bibi alivyosema. Wamempata mama. Sasa wanamfanya aite. Nilimlilia mama yangu kimoyomoyo huku nimemziba mdogo wangu mdomo kwa mkono wote.

Walizunguka nyumba, wakaingia kwenye kahawa, wakaenda hadi kwa jirani. Baadaye nilielewa kwamba dereva alikuwa wa mnunuzi wa kahawa, aliyekubali kumpeleka mgonjwa kwa kumheshimu mwalimu tu, na alikuwa na safari yake. Alisubiri alivyoweza. Kisha gari likaondoka, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Hata hivyo sikutoka, kwa kuwa mama aliendelea kuita.

Bibi ndiye aliyetukuta, jioni, kwa sababu yeye ndiye aliyetufundisha kujificha, na majani yale aliyajua. Alifunua majani, akamwona mdogo wangu amelegea mikononi mwangu, akaona uso wangu. Nilimwambia kwa fahari kwamba hatukutoka hata mama alipoita. Bibi alikaa chini palepale kwenye maganda. Sijawahi kumwona mtu mzima akikaa vile, kama gunia lililoachiwa.

Walimpeleka kwa baiskeli, jirani akisukuma na mama akimshikilia, na walifika hospitali kesho yake. Aliishi. Homa ya uti wa mgongo, daktari alisema. Akasema pia kwamba ugonjwa ule huweza kuchukua masikio hata ya mtoto aliyewahishwa, hakuna ajuaye. Maneno hayo mama aliyarudia mara nyingi mbele yangu, kwa makusudi, kwa huruma yake. Hayakunisaidia. Hakuna ajuaye, lakini mimi najua nilikuwa chini ya majani.

Hakuna aliyenichapa. Ningechapwa ningeshukuru. Mwalimu alinipita shuleni kama asiyenijua kwa muda, kisha akaacha. Bibi hakusema tena neno kuhusu magari, wala maboga, wala jiwe la mbinguni. Wadogo zangu waliozaliwa baadaye walikua bila kutishwa chochote, na walikuwa watundu ajabu.

Miaka ilipita. Nikiwa sekondari, likizo moja, nilikuwa namsaidia bibi kupukuchua mahindi, naye akaanza mwenyewe, bila kuulizwa. Alikuwa mdogo kama mdogo wangu, alisema, lori la kuchukua watu wa kwenda kuchimba migodini huko kusini lilipokuja kijijini kwao. Yeye alikuwa amejificha kwenye mtama kwa kuona haya wageni. Mama yake akasimama kando ya lori, akamwita aje amuage baba. Aliita sana. Yeye akatoka, akakimbia. Baba yake alimnyanyua, akamkalisha kwenye ubao wa lori ili watu wamwone, akamshusha, akapanda. Hakurudi, na hawakupata barua wala habari, mpaka mama yake naye akafa akiwa bado anamtaja kana kwamba yuko sokoni.

"Mimi nilidhani nisingetoka, baba angeendelea kunitafuta," bibi alisema. "Lori lingeondoka bila yeye."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Msemo huo nilikuwa naujua, lakini sikuwa nimewahi kujua kwamba mtu anaweza kushtuka kwa niaba ya wajukuu zake, miaka hamsini baadaye, na mshtuko ukafika salama salimini kana kwamba umepakiwa kwenye gunia. Sikumlaumu. Nilitaka kumlaumu, ningepumzika. Alikufa tukiwa tumebaki hivyo, hakuna anayemdai mwenzake msamaha.

Basi juzi nikafika. Mdogo wangu alikuwa barazani kwenye cherehani. Aliponiona alisema "kaka" kwa sauti ileile. Hilo ni jambo ambalo wageni hawalizoei. Mwanamke mtu mzima, fundi anayeheshimika, anasema Kiswahili cha mtoto wa miaka sita, chenye Kinyiha ndani yake, kwa kuwa hakupata kusikia kingine baada ya hapo. Nikiongea taratibu hunisoma midomo, lakini jambo hili sikutaka alisome midomoni mwangu. Nilichukua daftari lake la vipimo vya wateja, nikageuza ukurasa, nikaandika yote. Gari. Honi. Mama alivyoita. Kwamba ilikuwa kwa ajili yake, ya kumpeleka yeye. Kwamba ni mimi.

Alisoma akiwa ameshika sindano kwa meno. Akaitoa.

"Kwani mimi sikuwapo?" akasema.

Akanieleza kwamba alijua zamani. Mama alimwandikia akiwa bado msichana, alipouliza. Alikuwa ananisubiri mimi nilete mwenyewe, na mimi nikawa naleta sukari. Alilisema hilo akinicheka kidogo, na mimi nililia pale barazani mbele ya mteja aliyekuja kuchukua sketi, wala sikuona haya. Miaka thelathini nimebeba mzigo ambao mwenyewe alishautua.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema sauti ya mama hana tena, imemtoka. Ya bibi pia. Ya mashine ya kahawa hujaribu kuikumbuka kwa kuweka mkono kifuani na kukoroma, lakini hana hakika. Sauti moja tu imebaki, ya siku ile, chini ya majani. Yangu. Kesho yake alipoamka hospitali dunia ilikuwa imenyamaza.

Nikamwandikia kwamba nakumbuka, nilimwambia nyamaza. Akatikisa kichwa. Akasema hapana, hilo nililisema kwa mkono. Kwa mdomo, alisema, nilikuwa nikirudia sikioni mwake, "Usiogope, nipo. Usiogope, nipo."

Sikumbuki hata kidogo. Nimejitafuta tangu juzi, usiku na mchana, na sijikuti nikisema hivyo. Huenda ni kweli, huenda alijitungia ili apate kitu cha kukaa nacho. Kahawa ya bibi imeng'olewa, pamepandwa mahindi, na lile shimo la maganda limefukiwa hata huwezi kuonyesha lilipokuwa. Mama amezeeka, anatuchanganya majina. Mtoto niliyekuwa siku ile hakuna anayemfahamu tena, sauti yake ilivunjika nikiwa darasa la saba, na hata mimi siijui. Anayo mdogo wangu peke yake.

Nilimwuliza, kwa midomo tu, ilikuwaje hiyo sauti. Akasimamisha cherehani akafikiri.

"Ndogo," akasema. "Ulikuwa unaogopa kuliko mimi."