Bibi Arusi wa Kuchezesha Midomo

Juzi nilishuka mjini kumtafutia mjukuu viatu vya shule, nikajikuta nimeganda mbele ya lile jengo la zamani la sinema. Siku hizi ni duka la magodoro. Muuzaji akaniuliza, "Mama, unataka la inchi ngapi?" Nikamwambia hapo alipopanga magodoro yake ndipo bibi yangu alipokuwa akilia kila Jumapili mchana. Akaniangalia, akaenda kwa mteja mwingine. Simlaumu.

Wewe mwenzangu uliyekua enzi zile utanielewa. Picha za Kihindi zilifika Dodoma kwa treni, ndani ya makopo ya bati, zimechelewa na hazina mpangilio. Bibi alikuwa na nyota wake mmoja, mwanamke wa macho makubwa aliyeimba katika kila picha, akimwita "binti yangu". Jumapili hii binti yake alikuwa mjane mwenye mvi, Jumapili ijayo kigori anayekimbia bustanini. Bibi hakuona tatizo. "Kwao kuna dawa," alisema. Maisha ya yule nyota alitusimulia kama ya ndugu wa damu: kaolewa mara saba, kapofuka mara mbili, kazama mtoni mara moja, na sauti haijatetereka hata chembe!

Jumamosi nilikuwa natwanga mchele wa vitumbua huku bibi akiimba nyimbo za nyota wake, na mimi nikidakia. Kihindi chetu hata Mhindi mwenyewe asingekijua. Lakini tuni ilikuwa sawasawa, na majirani walikuwa wakipunguza redio ili wanisikilize. Mimi Mungu alinipa sauti, sura akaniachia nijitegemee. Sura aliipata mama mdogo, kitinda mimba wa bibi. Alikuwa mzuri wa kuwaangusha watu baiskeli, ila akifungua kinywa kuimba utadhani mtu anaburuta bati barabarani.

Huyo mama mdogo akapata mchumba, kijana wa reli kutoka Gulwe. Alimpenda, jamani! Mboga aliitia chumvi mara mbili, na treni ikipiga honi aliacha ufagio na kukimbilia mlangoni. Kilichobaki ni mama wa kijana kuja kumwona. Akikataa yeye, basi, hakuna ndoa. Na mama huyo, tuliambiwa, alikuwa mpenzi wa sinema kumpita hata bibi.

Aliyetuponza ni mshenga. Kazi ya mshenga ni kuongeza chumvi, lakini yule alimwaga gunia zima. Alikwenda Gulwe akasema, "Binti anaimba kama yule wa sinema. Ukifumba macho, ni yeye!" Mama mkwe akajibu kwamba anakuja, na atataka kuimbiwa.

Bibi hakulala siku mbili. Ya tatu akaniita jikoni. "Utaimba wewe, atachezesha midomo yeye. Na ole wako ucheke." Nilikuwa na miaka kumi. Nilijiona nimeteuliwa kuwa waziri.

Wageni wakafika, wakaandaliwa pilau na sinia la zabibu. Mimi nilimwamkia mama mkwe, "Shikamoo bibi," nikaitikiwa, nikajipenyeza chumbani nyuma ya pazia la mlango. Mama mdogo akakaa mkekani, mikono imejaa hina. Mama mkwe akasema, "Haya mwanangu, tuburudishe." Nikaanza. Kupitia tundu la pazia nilimwona mama mdogo anakunja shingo, anarembua macho, midomo inakwenda na sauti yangu. Wale wanawake wakaanza kujipangusa machozi. Bibi naye alilia, na yeye ndiye aliyepanga uongo wote!

Ila bibi alikuwa amesahau jambo moja. Miguuni pangu aliacha kinu alichotwangia pilipili manga ya pilau. Nilipovuta pumzi kwa ajili ya ubeti wa pili, nikapiga chafya tatu mfululizo. Mama mdogo hakuwahi kufunga mdomo. Kwa chafya zote tatu alikuwa anatabasamu, midomo inachezacheza.

Bibi akajifunika uso kwa kanga. Mama mkwe akasema polepole, "Aliye nyuma ya pazia na atoke." Nikatoka, pua inachuruzika. Akamgeukia mama mdogo: "Sasa imba wewe." Mama mdogo alikuwa analia kwelikweli, lakini akaimba. Kuku wakatawanyika uani. Nilijua ndoa imekwisha.

Mama mkwe akacheka hadi akashika mbavu. "Mwanangu mzito wa kuamka, treni zinamwacha! Sauti hii ndiyo nimeitafuta miaka yote. Tunamchukua." Vigelegele vikapigwa, mama mdogo akamwangukia miguuni. Kisha mama mkwe akamgusa bibi begani. "Usione haya, mwenzangu. Hata yule wenu wa sinema haimbi. Kuna mwanamke mwingine nyuma, anamwimbia."

"Mwongo!" bibi akafoka. Posa ilikuwa imekubaliwa, binti yake ameokoka, na yeye akakaa pembeni kama aliyefiwa. Pilau yenyewe hakuigusa.

Jumapili iliyofuata nilidhani hatutakwenda. Tukaenda. Nyota akatokea kwenye turubai, akainua uso, na wimbo ukaanza. Nikamtazama bibi, nikaona amefumba macho. Nikamtingisha nikidhani amesinzia. "Niache," akasema. "Namtazama yule wa nyuma. Miaka yote hii sikumwona, maskini."

Tangu siku hiyo alizitazama nyimbo zote hivyo, machozi yakimtoka chini ya kope. Sasa bibi hayupo, wala picha yake hata moja hatukubakiwa nayo. Sura yake imeanza kunitoka, na jambo hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kusema. Kwa hiyo mbele ya yale magodoro nilifumba macho. Nikamsikia palepale, amekereka: "Nyamaza wewe, wimbo umeanza."