Koko Alikuwa Anangoja Nimwinamishie Kichwa

Admin, naomba unifiche kabisa, hata jina la shule usiweke. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko form three, tunaishi Kitengela na mum. Mimi si mtu wa kuongea. Hata mwalimu akiniuliza swali darasani machozi ndiyo hutangulia, kwa hivyo nimeona heri niandike.

Nikiwa form one nilianza kutokewa na alama nyeupe kwa vidole, zikafika mpaka mdomoni. Kabla sijazizoea, nywele nazo zikaanza kung'oka, mabaka ya mviringo, unachana zinakuja tu. Daktari wa ngozi alituambia kinga ya mwili ndiyo inajishambulia yenyewe, rangi na nywele kwa pamoja, na kwamba si laana na haiambukizi. Mum aliskia yote, lakini tukitoka akaniambia, "Watu wa kwetu wasijue. Tutasema ulichomwa na maji moto."

Nyanya yangu, Koko, alikuwa anaishi Kajiado, ndani ndani, unashuka kwa lami halafu unatembea. Ndiye alinilea mpaka class four. Na kwetu mtoto hasalimii mkubwa kwa mkono. Unainamisha kichwa, anakuwekea kiganja utosini. Kiganja cha Koko kilikuwa kigumu, na kilikuwa kinakaa hapo, kama amesahau kukitoa. Sasa ningeenda aje? Wigi angeijua tu. Kitambaa angekivuta.

Nikaacha kwenda. Likizo moja tukasema niko na tuition, nyingine tukasema naumwa na tumbo. Alikuwa anapiga na simu ya mjomba: "Wewe mtoto wa Kitengela, umeolewa na nani huko hata umesahau njia ya boma?" Nacheka. Nikikata simu naingia choo nalia.

Baadaye nikaanzishiwa tembe za kila siku, na damu inapimwa mara kwa mara. Miezi ikapita bila kitu. Halafu siku moja mum alikuwa ananipaka mafuta kichwani, vidole vyake vikasimama. "Weh! Hebu ngoja. Kuna kitu naskia kwa kidole." Zilikuwa zimeota, laini kama za mtoto mchanga, zingine nyeupe. Hata mdomoni rangi ikaanza kurudi kwa vidoti. Nikamwambia mum, likizo ikifika naenda kwa Koko. Wacha tu hii sehemu ya nyuma ijae.

Kifo hakikungoja ijae. Koko alianguka wiki iliyopita akikamua mbuzi, hakuamka.

Mazishi ni Jumamosi. Kwa familia yetu, mzazi akienda, nyumba yote inanyolewa wembe. Mjomba alimpigia mum: "Huyo wako alikulia mikononi mwa mama. Yeye ndiye atanyolewa wa kwanza kwa wajukuu." Mum anataka tuseme daktari amekataza. Lakini daktari hajakataza! Nilimuuliza, akasema wembe hauharibu kitu, bora nisiache dawa. Shida ni kwamba chini ya hizi nywele kichwa kiko na madoa meupe. Nikinyolewa ukoo mzima utaona, na ile hadithi ya maji moto mum aliyowaambia itaishia hapo, mum aitwe mwongo mbele ya kaburi la mamake. Nikikataa, watasema nimekataa kumlilia aliyenilea.

Na jana shangazi, mke wa mjomba, aliniambia, bila ubaya, "Alikuwa anauliza kila likizo: huyu mtoto nilimkosea nini?"

Tangu aseme hivyo sijalala. Hizi nywele nilikuwa nazingoja nimpelekee yeye. Na Koko mwenyewe alikuwa ananyoa kichwa kinang'aa, maisha yake yote. Sijawahi kumwona na unywele hata mmoja.

Tafadhali msimtukane mum, alikuwa ananilinda. Niambieni tu, Jumamosi wembe ukinifikia, niinamishe kichwa ama nifanye nini?