Fomu Mbili za Kajiado

Asubuhi hiyo nilifunga chumba changu cha Kitengela nikatoka bila kujua ninakoenda. Ilikuwa Ijumaa, siku ambayo mwajiri wangu, mzee wa Kiislamu kutoka Wajir, hufunga duka lake la vyakula vya mifugo adhuhuri ili aende msikitini. Nilimwambia kwa simu kwamba sitafika kabisa. Hakuniuliza sababu. Tangu tumzike dada yangu alikuwa haniulizi mengi.

Kuondoka ni tabia yangu. Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu nilitaka kujua malori yaliyopita kwetu Mashuuru yanaishia wapi. Nimechota mchanga mtoni, nimemwagilia nyanya Loitokitok, nimepaka rangi nyumba za watu Kitengela. Popote nilipofika nilisoma chochote, hata gazeti lililofungiwa nyama. Dada yangu mkubwa, aliyeuza mitumba Kitengela, ndiye aliyenirudisha darasani. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na ndevu, kisha tukasoma diploma pamoja, mimi na yeye, dawati moja.

Ikabaki shahada ya biashara. Kulikuwa na chuo cha Kitengela, jioni nne kwa wiki, mnatoka saa tatu usiku. Kulikuwa na cha Kajiado, Ijumaa alasiri na Jumamosi kutwa. Dada alisema popote nitakapochagua atakuja, kwa sababu hesabu zilinishinda na yeye hakupenda kurudi peke yake gizani. Basi nikaanza kulinganisha. Kajiado walifundisha sheria ya vyama vya ushirika. Kitengela walikuwa na somo la bima. Kisha nikasikia kuna chuo kingine Athi River, nikaenda kuchukua karatasi zao pia. Nilizisoma zile orodha za masomo kama mtu anayesoma hadithi, nikafurahi, nikalala.

"Wewe unanunua ama unanusa tu?" dada aliniuliza.

"Nataka tuingie pazuri."

"Usajili umefungwa tena. Tutazeeka tukilinganisha makaratasi, na wewe ushaanza kupata kipara."

"Muhula ujao."

"Sawa. Siku utachoka kulinganisha, niambie. Niko na kitu nitakuonyesha."

Sikuuliza ni kitu gani, mimi ninayeuliza kila kitu. Muhula ukapita, na mwingine. Kabla ya ule wa tatu kuanza, nimonia ilimchukua kwa wiki moja.

Kwa mila ya kwetu, jina la marehemu halitajwi. Mama husema "yule mkubwa," kisha hunyamaza. Kwa miezi minne hakuna aliyelitamka jina lake, na mimi sikuthubutu hata nikiwa peke yangu.

Ijumaa hiyo nilishuka kwenye matatu Kajiado saa nne kwa kuwa ndipo wengi waliposhuka. Nikapita soko la mifugo, nikapita maofisi ya kaunti, nikajikuta kwenye lango la kile chuo. Niliingia jinsi ninavyoingia popote, kuona kuna nini. Karani, mwanamke mmoja mwenye lafudhi ya magharibi mwa nchi, aliniuliza jina, nikamtajia. Akapekua faili moja, kisha nyingine.

"Lakini uko hapa tangu mwaka jana," alisema. "Fomu yako haina sahihi, ndiyo maana ililala. Ya mwenzako ilikubaliwa. Mbona hamkuja?"

Akasoma jina langu, na kwa sauti ileile ya kazi akasoma la dada yangu.

Fomu zote mbili zilikuwa za mwandiko wa dada. Vyeti vyangu alikuwa akivitunza yeye, kwa sababu mimi hupoteza kila kitu. Penye nafasi ya sahihi yangu alikuwa ameweka alama ndogo ya penseli.

"Yeye anakuja?" karani aliuliza. "Ama aliingia chuo kingine?"

"Alifariki."

Aliweka kalamu mezani. "Pole sana, kaka. Sikujua."

"Lisome tena."

"Nini?"

"Jina lake."

Alinitazama, kisha akalisoma polepole, majina yote matatu. Mama angekuwepo angefunika uso. Mimi nilisimama pale nikisikiliza, na aliponyamaza nilitia sahihi kwenye ile alama.

"Darasa ni leo saa nane," alisema.

Nilimpigia mwajiri wangu nikamwomba Jumamosi, siku yetu yenye wateja wengi. Akajibu, "Jumamosi nitakaa dukani mwenyewe. Soma, ndugu yangu. Mungu amrehemu dada yako."

Nyuma ya maofisi ya kaunti nilimpata mama mmoja anayepangisha vyumba. Alinisalimu kwa lugha ya kwetu, "Supai," nikamjibu, "Ipa." Akanifungulia chumba chenye kitanda na ndoo.

"Wa siku ngapi?"

"Kila Ijumaa, miaka mitatu."

"Wanafunzi husema hivyo. Mwezi ukiisha, siwaoni tena. Na wewe una viatu vya msafiri."

"Ni kweli."

"Sasa nikuamini kwa nini?"

Nilivua vile viatu, nikaviweka kando ya kitanda. Alinitazama usoni, akaacha mzaha, akaniwekea ufunguo mkononi na kuondoka. Niliketi kwenye kile kitanda, peke yangu, saa sita mchana, nikalitamka jina la dada yangu kwa sauti.