Mutoto Yangu Ni Mwanafunzi Tu Siku ya Fete

Admin, ficha jina yangu na ya masomo (shule), juu huku Kolwezi tunajuana. Mi ni mama ya miaka makumi tatu na ine, niko na batoto tatu. Bwana yangu ni shofere wa kamio, lori kubwa, anapitaka siku nyingi mu njia ya Mutshatsha kutafuta makala (mkaa). Niko naandika na kasirani mu roho, munisamehe nikikosea maneno.

Mukubwa wa batoto ni binti ya miaka kumi na moja. Tumwite Neema, haiko jina yake. Wakati nilizaa wa mwisho, banganga ba lopitali balinipasula, kidonda ikaoza. Nililala lopitali, kisha nikalala nyumbani, siwezi hata kuinua ndoo ya maji. Mama yangu ni muzee, anaishi Sandoa, hakuweza kuja. Ni Neema njo aliacha masomo, akabaki na mi. Alifua nguo, alipika bukari, ugali yetu, alibeba kitoto mu mugongo na huku anasoma kitabu yake ya Kifaransa kwa sauti, juu asisahau. Nilikuwa namusikia kutoka kitandani, nageukia ukuta, nalia.

Nilipopata nguvu, nilimurudisha kwa masomo mi mwenyewe. Direkta, mukubwa wa masomo, hakunipa hata kiti.

"Mama, fasi yake tulipatia mwingine. Mutoto mwenye kukosa-kosa anatuharibia sifa."

"Direkta, hakuwa anacheza mu barabara. Alikuwa ananichunga mi, nilikuwa nakufa."

"Kila mama iko na mateso yake. Arudi mwaka wenye unakuja."

Mwalimu wake, mwenye alikuwa anamusifu mbele ya wote, alikuwa pale. Aliangalia chini. Neema hakulia. Tulifika nyumbani, akavua iniforme, akaikunja, akaenda kusaidia shangazi yake kuuzisha mandazi kwa bijana benye kuchimba kobalti.

Karibu na Pasaka, yule mwalimu akapiga hodi asubuhi. "Mama, Direkta analomba Neema akuje leo. Avae safi."

Moyo yangu iliruka! Niliwaza bamemuhurumia. Nilimuchana nywele haraka haraka, nikamupaka mafuta miguu mpaka ikang'aa. Kumbe kulikuwa bageni, bale benye kusaidiaka masomo, na kalasi ilipaswa kuonekana imejaa. Balimukalisha benchi ya mbele. Akasoma Kifaransa, bageni bakapiga makofi, bakapiga foto. Direkta akamuwekea mukono juu ya kichwa: "Huyu ni wetu." Neema mwenyewe ndiye alinielezea, alirudi nyumbani mbio, anaimba.

Kesho yake aliamuka mbele yangu, akaenda. Balimusimamisha kwenye mulango. "Jana ilikuwa ya bageni," ndivyo balimwambia. Ile siku mutoto alilia mpaka akatapika. Mi nilikaa naye chini, nikamupanguza kinywa.

Sasa jumamosi hii kuko fete, sherehe ya bazazi, kule kwa masomo. Bakubwa ba muji banakuja, pasta, chef wa mutaa, wote. Na ni Direkta mwenyewe alikuja kwangu. Alikaa mu kiti yangu, akakunywa maji yangu, akasema anataka Neema aseme récitation, shairi ya kukariri, mbele ya bantu. Munajua inaongea nini? Kila mutoto iko na haki ya kusoma!

"Hakuna mwingine mwenye anasemaka muzuri sawa yeye," alisema.

"Na kisha fete, Direkta?"

Akacheka. "Kisha fete tutaona, mama." Alipofika kwenye mulango akageuka: "Na ule mudogo wake wa kalasi ya pili, anasoma muzuri, eh? Tunamuangalia."

Nilielewa. Bwana yangu pia alielewa. "Aende tu," alisema. "Tusigombane na bakubwa, batamufukuza na mudogo."

Kilichonishangaza ni Neema, alikubali mara moja. Kutwa nzima anarudilia ile récitation uwanjani. Mi nikawaza, masikini, mutoto ameshasahau. Jana tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, akaniambia pole pole:

"Mama, nitasema récitation yote. Kisha sitarudisha mikro ya kusemea. Nitaambia bantu wote mi sisomi pale, balinifukuza juu nilikuchunga. Usiambie papa."

Nilimwambia anyamaze, asirudilie tena ile maneno. Akaacha kutwanga, akaniangalia.

"Na wewe pia, mama, unataka ninyamaze?"

Nikaendelea kutwanga. Mpaka sasa sijamujibu.

Nikimuzuia, nitakuwa nimefanya sawa yule mwalimu mwenye kuangalia chini. Nikimuacha aseme, batamufukuza mudogo wake, na yeye mwenyewe pengine hatapata fasi tena hapa, na bwana yangu atajua nilijua. Nikimwambia baba yake leo, Neema hatanielezea tena kitu mu maisha yake.

Bamama na bapapa munaosoma hapa, musinitukane, munisaidie tu mawazo. Jumamosi atasimama pale na mikro mu mukono, mi nitakuwa kati ya bazazi: nimukataze, ao nimuache aseme?