Kilo Kumi na Saba kwa Kila Nyumba: Kianda Hadi Kitui na Kinu cha Mama

Tulisafiri kwa sababu ya kinu. Mama yangu anaishi Kitui, na kinu cha kusaga kilicho karibu naye ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Msimu uliopita alianguka njiani na debe la mahindi kichwani, akalala wiki mbili mguu umevimba. Mimi na mume wangu Musyoka tukampatia kinu kilichotumika, tukakifunga kwenye trela. Gari letu ni van kuukuu ambayo Owino, fundi wa mtaa jirani wa Laini Saba, aliigeuza nyumba: kitanda, jiko, tangi la maji. Tungelala humo mwezi mzima tukishona yunifomu soko hadi soko. Mimi niliishia darasa la nane, kwa hivyo mkiona hesabu yangu imepinda, mnisamehe.

Ijumaa, mtaani kwetu Kianda. Ukisema unaenda ushago, yaani kijijini, watu wa kwenu wanakuletea mizigo ya kuwafikishia jamaa zao nyumbani. Ndivyo tunavyoishi. Nyumba kumi zilileta: godoro, masufuria, mbegu, mlango wa chuma mzima mzima. Sikumkataa hata mmoja. Naogopa kuitwa mwenye maringo.

Jumamosi asubuhi, Kawangware. Owino alikataa tuondoke kabla ya kupima. Akatupeleka yadi ya vyuma chakavu kule Kabiro, penye mizani ya malori, kwa mama mmoja anayeitwa Mama Shiru. Gari likiwa na kitanda, tangi lililojaa, mafuta na sisi wawili, lilisoma kilo 2,310. Kibati cha mlangoni kinasema lisizidi 2,800. Nikatoa, nikapata 490. Cherehani na vitambaa vyetu ni 180, mizigo ya majirani 310. Imetosha kabisa! Nikajipigia makofi.

"Na hiyo unavuta huko nyuma ni ya nani?" Mama Shiru akauliza.

"Hiyo iko na magurudumu yake," nikajibu.

Owino alicheka mpaka akashika ukuta. "Magurudumu ni yake, sista. Breki je? Hiyo trela haina breki. Ikikusukuma kwa mteremko, utaiambia nini, pole?"

Trela na kinu vilikuwa kilo 640. Na chini ya kile kibati kulikuwa na mstari ambao sikuwa nimeusoma: gari na trela pamoja visizidi 3,200. Gari na trela tayari ni 2,950. Zimebaki 250, na cherehani zinakula 180. Majirani wakabaki na sabini. Nilitaka ardhi inimeze.

Musyoka akasema, "Tumwage maji." Tangi ni lita mia, na lita mia ni kilo mia. Sabini ikawa mia na sabini. Nyumba kumi, kilo kumi na saba kila moja.

Jumamosi jioni, Kianda. Mama Shiru alituazima mizani ya kuning'iniza, tukaifunga langoni mwa ploti. Watu walifungua magunia yao mbele ya wenzao, wakachagua. Mwenye godoro, akilirudisha kwake kichwani, aliitwa bwana harusi hadi akachoka. Lakini Baba Mumo, mwenye mlango wa chuma, hakucheka.

"Mwende, si uache hiyo ya mama yako? Hapo sisi wote tunatoshea."

Lazima niseme ukweli, alikuwa sahihi. Bila trela, mizigo yote ingeingia. Nilimwambia, "Mlango unaweza kupanda basi, Baba Mumo. Kinu hakiwezi." Akaubeba mlango wake, akaondoka.

Jumapili, barabarani. Baada ya Machakos kuna mteremko mrefu. Mbuzi wakavuka, lori la mbele likasimama ghafla. Musyoka alikanyaga, nikasikia trela ikitusukuma kiunoni kama mtu kwenye foleni. Tukasimama. Kati yetu na lori mtu angepita na ndoo kwa shida. Musyoka alifuta mikono kwenye suruali, na mimi nikawaza zile kilo mia mbili na arobaini tulizoziacha.

Jumapili alasiri, Kitui. Tulipokiwasha mara ya tatu, kinu kiliunguruma. Mama alitia mkono kwenye unga ukiwa bado moto. "Kumbe huwa moto hivi," akasema. Huwa anaufikisha nyumbani umepoa.

Mwisho wa mwezi tulirudi na trela tupu. Nimejifunza kwamba kitanda, maji na mwili wangu mwenyewe ni mizigo, na kwamba kibati husomwa hadi mstari wa mwisho. Baba Mumo alituma mlango kwa basi, ukafika umepindika kona. Tangu hapo yeye hunisalimu kwa kutikisa kichwa tu. Kama nilimtendea haki sijui, na usiku sijidanganyi kwamba najua. Ila mama yangu siku hizi anasaga akiwa ameketi, na majirani zake wanaleta mahindi kwake.