Mguu wa Kepher

Kwa miaka ishirini na moja Kepher Opondo aliendesha magari ya shamba moja la chai upande wa Kericho, na hakuwahi kugonga hata kuku. Siri yake ilikuwa mguu wa kulia. Barabara ikiteleza, alikanyaga breki na kuachia, akakanyaga tena na kuachia, magurudumu yasije yakajifunga. Madereva wenzake walimtania kwamba anacheza densi.

Mwaka wa 1997 meneja aliletewa gari lenye breki za ABS. Wiki ya kwanza tu, kwenye tope, pedali ilitetemeka chini ya kiatu. Kepher akadhani imeharibika, akaondoa mguu. Gari likaenda zake hadi likaparamia ua wa kiwanda.

"Mzee, hiyo kutetemeka ndio kazi yake," Ratemo, fundi wa gereji, alimwambia. "Inakanyaga na kuachia yenyewe, haraka kukushinda. Wewe kanyaga mpaka mwisho, usitoe mguu, na ushike usukani. Lakini usidhani itasimama hapo hapo. Itakupa nafasi ya kukwepa tu."

Kichwa cha Kepher kilielewa. Mguu ulikataa katakata. Walifanya mazoezi uwanjani, na mara tano kati ya sita mguu ulirudia densi yake ya zamani. Hofu ikamwingia, hasa kwa sababu ya kona moja penye kituo cha kupimia majani ya chai. Hapo wachumaji huvuka barabara na vikapu mgongoni, na mmoja wao alikuwa Jentrix, mkewe. Usingizi ukampaa.

Alasiri moja mvua ya mawe ilipiga, kama kawaida ya Kericho, ikaiacha lami nyeupe. Kepher aliikaribia kona polepole huku jasho likimtoka. Mwanamke aliyejifunika nailoni akaingia barabarani, kichwa chini.

Kepher akakanyaga. Pedali ikapiga teke. Mguu ukataka kuinuka.

"Kaa hapo!" aliukemea kwa sauti.

Gari halikusimama. Lilizidi kuteleza, lakini alipozungusha usukani lilitii, likampita yule mwanamke kwa upana wa kikapu na kujichomeka kwenye michai.

Alikuwa Jentrix. Alikuja dirishani, majani yake yote yamemwagika barabarani.

"Baba Akeyo, gari imezima. Shuka basi."

"Niitie Ratemo," Kepher akasema, machozi yakimtoka. "Mguu umekataa kutoka."